Punda Ambaye Mama Hakumtaja

Siku moja kabla ya kumzika Mama nilisimama kwenye kibanda cha kubeti pale Igogo, mjini. Sikwenda kubeti. Gari la kutupeleka kijijini kwetu Kigongo lilikuwa linachelewa, jua lilikuwa kali, na kile kibanda ndicho kilichokuwa na kivuli. Ndani kulikuwa na televisheni kubwa, na kwenye televisheni farasi walikuwa wanakimbia. Hawakuwa farasi wa kweli. Ni wale wa kompyuta, wanaokimbia kutwa nzima bila kutoka jasho. Vijana walijazana mbele yao wakipiga kelele, kila mmoja na namba yake. Mmoja akageuka, akaniona nimejifunga kanga ya msiba, akashusha sauti kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Karibu, chagua namba na wewe."

"Marahaba. Sasa nitamchaguaje mnyama ambaye sijamwona akinywa maji?"

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa na utani wowote. Nilikuwa nimekasirika, tena sikujua namkasirikia nani. Hapo nje muuza dagaa alikuwa amemwagia maji magunia yake, na ile harufu ya gunia bichi likichemka juani ikanishika puani. Nikaona aibu kulia mbele ya wacheza kamari, nikageukia barabarani kama mtu anayeangalia gari lake.

Harufu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya punda wetu. Kule Kigongo, wakati watu bado wanavuka ziwa kwenda Busisi kwa pantoni na daraja halijaanza hata kuzungumzwa, Mama alikuwa anauza maji. Alikuwa na punda mmoja, dume la kijivu, mgongoni amelazwa magunia yaliyokunjwa ili madumu yasimchubue. Magunia hayo hayakuwahi kukauka. Punda tulimwita Katekista, kwa sababu kila alipofika uwanja wa kanisa alisimama ameinamisha kichwa, anasubiri kimya mpaka ashushwe mzigo. Katekista mwenyewe, yule wa kibinadamu aliyetufundisha komunyo ya kwanza, hakulipenda jina hilo hata kidogo. Mama alimwambia kwamba punda ndiye aliyepaswa kulalamika.

Ndivyo Mama alivyokuwa. Alisema jambo kama lilivyo na hakurudi nyuma kulipunguza makali. Alikuwa Mjita, alikulia kwenye mifugo huko Majita kabla Baba hajamleta kwetu Usukumani, na wanaume wa Kigongo walimwogopa kidogo. Ila kila mwaka, siku ya mbio za maji, walimfuata wenyewe.

Mbio za maji zilikuwa baada ya mavuno, Jumapili, watu wakishatoka misa. Wenye punda walishuka nao ziwani, wakawafunga madumu manne manne yaliyojaa mpaka mdomoni, halafu vifuniko vyote vikakusanywa na kuwekwa kando. Hapo ndipo penye mchezo. Punda alipanda na madumu wazi, akapita katikati ya yale mawe makubwa, mpaka uwanja wa kanisa kule juu. Wa kwanza kufika na maji ambayo hayajashuka chini ya shingo ya dumu ndiye mshindi. Padri mwenyewe alikuwa anachungulia dumu moja moja. Maji yalimwagwa kwenye tangi la zahanati ya parokia, na aliyeshinda alipewa kazi ya kuipelekea zahanati maji mpaka mavuno mengine. Kazi hiyo ilikuwa inalisha nyumba.

Kabla ya mbio, wakati punda wanakunywa, Mama alikuwa anapita ufukweni peke yake. Wanaume walikaa mbali, kila mtu keshawekeana dau la kuku na mwenzake, wanamwangalia. Alimtazama punda anavyokunywa, kwa sababu anayeinua kichwa kila mara ni mwoga, na mwoga huruka njiani. Alipitisha kiganja chini ya tumbo, akakiacha hapo kidogo. Aligonga kwato kwa kijiwe na kusikiliza. Mwisho alitazama kile ambacho wenzake hawakukijali, yaani nyayo kwenye mchanga uliolowa. Punda ambaye mguu wake wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele, huyo hayumbishi mzigo. Akishamaliza, alinawa mikono ziwani na kutaja jina moja. Jina hilo ndilo lililoshinda, mwaka baada ya mwaka.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na mambo hayo niliyaelewa kwa namna yangu. Kwenye mafundisho tulikuwa tumeambiwa kwamba Mungu alisema na ikawa. Mimi nikajua na Mama hivyohivyo. Sikufikiri kwamba Mama anajua nani atashinda. Nilifikiri Mama ndiye anayemshindisha. Ule ukaguzi wote wa kwato na nyayo niliuona kama shughuli za kumpotezea mtu muda kabla ya kusema lenyewe.

Mwaka ninaousema, Katekista alikuwa ameanza kuburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Jumamosi mchana, Mama akichambua mchicha mlangoni pa jiko, Baba alikuja kusimama mbele yake, kofia mkononi, kama mgeni.

"Mama Milembe," akasema. Milembe ndiye mimi. "Lori la mnunuzi linapita Jumatatu."

"Lipite."

"Mguu wa punda umekwisha, na wewe unajua. Watu wanauza, wananunua baiskeli, wanabeba maji kwa baiskeli."

"Kwa hiyo umeshaamua."

"Sijaamua. Kesho nitakimbia naye mwenyewe. Akishinda, kazi ya zahanati ni yetu, abaki. Akishindwa, Jumatatu apande lori."

 Mama aliendelea kuchambua mchicha, ila niliona anatupa majani na kubakiza mashina.

Tulikuwa tunalijua lori hilo sote. Punda waliopanda hawakuwa wanakwenda kubeba maji kwingine. Walikuwa wanapelekwa machinjioni kwa ajili ya ngozi, na ngozi ilikuwa inapelekwa nchi za mbali kutengenezewa dawa. Binti wa jirani alinieleza yote hayo, na hakunificha hata habari ya kisu. Nilikwenda zizini nikamshika Katekista shingo. Alikuwa anatafuna kwa utulivu wake uleule, na utulivu huo ulinikata maini, maana niliona ni mimi peke yangu ninayejua.

Nilipotoka pale nilikuwa na nguvu mpya. Kwani shida iko wapi? Mama atamtaja. Nikamfuata jikoni.

"Mama, kesho utamtaja Katekista?"

"Nitamtaja atakayeshinda."

"Basi mtaje yeye, ili ashinde."

Akanitazama kwa muda. Nadhani hapo alielewa nilichokuwa nikikiamini, na nadhani hakuwa na nguvu za kuniondolea. Alisema tu, "Nenda kachote maji ya kuoga. Kesho ni kanisani."

Misa ya Jumapili ile sikuisikia. Nilipiga magoti na kusimama pale wenzangu walipofanya hivyo, basi. Wimbo wa mwisho ulipoanza nikachomoka, nikateremka ziwani kabla ya watu wote. Baba alikuwa amemleta Katekista asubuhi na kumfunga kando ya maji, na mchanga uliolowa ulikuwa umeandika kila kitu. Kulikuwa na nyayo, na kando ya nyayo kulikuwa na mstari mrefu, ule mguu wa kushoto ulivyojiburuta. Nikavua viatu. Nikaufuta mstari wote kwa unyayo, huku nimeuma meno, nikahakikisha haubaki hata kidogo. Nikasimama kando na kujifanya naangalia pantoni.

Watu wakateremka. Wanaume wakakaa mbali kama kawaida yao. Mama akaanza kupita, na gauni lake la kanisani amelikunja kiunoni. Alipofika kwa Katekista alimpitishia kiganja chini ya tumbo, akagonga kwato zote, kisha akainama kutazama mchanga. Alikaa ameinama muda mrefu. Halafu, bila kuinua kichwa, alitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa imejaa tope mpaka vifundoni. Nilitamani ziwa linimeze.  Akaenda kunawa mikono.

"Haya, mayu, tupe jina," akasema mzee Masanja, ambaye alikuwa na punda mweusi aliyeitwa Umeme. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mzee Masanja alimwita hivyo akiwa na haja naye.

Baba alikuwa anafunga dumu la mwisho. Mikono ilisimama kwenye kamba. Nilimwona anamtazama Mama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba Baba pia alitaka Katekista atajwe. Alikuwa amevaa raba za kuazima, suruali ameipandisha magotini, mtu mzima na mwili wake, anataka kukimbia mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya punda ambaye yeye mwenyewe alisema amekwisha.

"Umeme," akasema Mama.

 Wanaume wakapiga makofi, wengine wakacheka, mmoja akasema, "Hata kwake mwenyewe hapendelei!" Nilimtazama Mama nikamwona mtu mwingine kabisa. Alikuwa na uwezo wa kumwokoa kwa neno moja, na neno hilo akampa mzee Masanja.

Wakaachiwa. Nilikimbia pembeni ya njia, viatu mkononi. Nataka niseme ukweli kwamba Katekista alianza vizuri mno. Alipita kwenye mchanga akiwa wa kwanza, Baba pembeni yake anamnong'oneza, hampigi, hampigii kelele. Umeme alikuwa nyuma yao kidogo. Kwenye mawe ya kwanza maji ya Katekista yalitikisika lakini hayakumwagika, na mimi nikaanza kupiga kelele, nikasahau Umeme katajwa, nikasahau Mungu alisema na ikawa. Nusu ya mlima bado wa kwanza. Wanawake waliokuwa njiani wakaanza kumshangilia kwa jina, "Katekista! Katekista!" na huko juu katekista mwenyewe sijui alijisikiaje.

Kabla tu ya uwanja wa kanisa kuna mahali maji ya mvua yamechimba mfereji unaokatiza njia. Mguu wa mbele ukavuka. Wa kulia wa nyuma ukavuka. Wa kushoto ukakwama ukingoni, ukaburuta, na punda akapepesuka upande mmoja. Baba alikumbatia dumu na shingo kwa pamoja ili punda asianguke. Hakuanguka. Ila maji yalimwagika, yakamlowesha Baba kuanzia kifuani mpaka kwenye raba za watu. Umeme akapita kando yao, taratibu, hata tone halikuruka.

Tulifika wa pili. Padri alichungulia madumu yetu, akampiga Baba begani. Mama alikuwa amepanda nyuma yetu. Akachukua upindo wa kanga yake, akampangusa punda uso. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya kanisa na niliapa kwamba sitasema na Mama tena maishani.

Jumatatu asubuhi lori lilisimama karibu na gati la pantoni. Punda walikuwa wamepangwa kwenye ukuta, wa watu wa kila upande, na Katekista katikati yao, ameinamisha kichwa kama yuko uwanja wa kanisa. Baba alishika kamba. Mama alikuwa amekuja bila kuitwa, na mimi nilimfuata Baba, simtazami Mama.

Mnunuzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi. Jana yake alikuwa uwanjani, aliona mbio zote. Alipomwona Mama akamwendea kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Wewe si ndiye uliyemtaja yule mweusi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Nisaidie, tafadhali. Safari iliyopita niliuziwa wagonjwa, kiwandani wakanirudishia ngozi. Nipitie hawa, uniambie yupi mzima."

Wenye punda wakatazamana, lakini nani angembishia Mama? Akaanza kupita kwenye mstari, vilevile kama ufukweni, kiganja chini ya tumbo, kijiwe kwenye kwato. "Huyu mzima," akasema. Akapandishwa. "Huyu mzee, ila mzima." Akapandishwa. "Huyu mzima." Kila aliposema, ubao wa lori ulilia kwa uzito wa mnyama mwingine. Mimi nilishika suruali ya Baba kwa mikono yote miwili. Nilijua kitakachosemwa. Mama husema jambo kama lilivyo.

Akafika kwa Katekista. Akapitisha kiganja chini ya tumbo, akakiacha hapo. Akakiacha muda mrefu sana. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Huyu simshauri," akasema.

"Mguu? Mguu hauna neno kwangu, mama. Mimi nataka ngozi."

"Ni hiyo ngozi. Ana upele wa ndani. Hauonekani mpaka umchune, halafu ngozi inaachia vipande vipande. Mchukue ukitaka, lakini hao wengine utawapakia naye gari moja."

Baba alifungua mdomo. Nilimwona. Akatazama chini, akaanza kuikunja kamba mkononi, mkunjo mmoja juu ya mwingine, kwa uangalifu kabisa.

Mnunuzi alimwangalia punda, akamwangalia Mama, akakohoa. "Ni wako huyu, nilimwona jana."

"Wangu."

"Jana hukumtaja kwenye mbio, na leo unamharibia soko. Mtu wa namna hiyo mimi simbishii." Akageukia vijana wake. "Huyu mtoeni."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi watatu na punda.  Karibu na nyumbani Baba akauliza, bila kumtazama, "Mama Milembe, huo upele ni upele gani?"

"Wa ndani."

Baba akatikisa kichwa kwa muda, na suala la lori halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mimi niliyaamini maneno ya Mama kuliko yule mnunuzi. Kwa wiki nyingi nilikuwa nampaka Katekista mafuta ya mawese kwa siri, naombea upele wake usitoke nje. Mama aliona mafuta yanapungua, akaniacha.

Kuanzia hapo Katekista alibeba madumu mawili badala ya manne. La tatu alibeba Mama kichwani, anatembea mbele yake. Sisi tuliuza maji machache, tukala ugali kwa dagaa mara nyingi kuliko nilivyotaka, na wenzangu walinicheka kwamba kwetu punda ana msaidizi.

Mavuno yaliyofuata wanaume walimngoja ufukweni kama kawaida. Mama aliteremka, akasimama, hakumkaribia punda hata mmoja. "Macho yangu yamechoka," aliwaambia. "Mwaka huu mtafuteni mwingine." Na mwaka mwingine tena hivyohivyo. Nilipatwa na hofu kubwa, nikajua Mama anapofuka. Nilianza kumshika mkono kila tulipokwenda kanisani, namwonyesha mashimo na mawe, "Hapa pana jiwe, Mama, inua mguu." Na yeye, ambaye aliona sindano ikianguka jikoni gizani, alikuwa anainua mguu. Hakunicheka hata siku moja.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipoelewa kwamba hakukuwa na upele na hakukuwa na upofu. Akishasema uongo juu ya punda mmoja, hakutaka tena kuaminiwa juu ya wengine. Sikuwahi kumuuliza. Kuna mambo ambayo ukimuuliza mtu kama yule, unamlazimisha kuyasema kama yalivyo.

Gari lilikuja hatimaye, tukafika Kigongo jioni. Kesho yake, baada ya misa ya mazishi, chini ya turubai, watu waliruhusiwa kusema mawili matatu juu ya marehemu. Mzee Masanja akainuliwa na wajukuu wake wawili. Amezeeka mno, sauti inatetemeka, lakini maiki aliishika mwenyewe.

"Mama huyu," akasema, "hakuwahi kusema uongo. Mimi ni shahidi. Punda wake mwenyewe, wa kumlishia watoto, alikuwa na ugonjwa wa ngozi. Angeweza kunyamaza, mnunuzi asingejua. Akasema! Mbele yetu sote, akasema. Akarudi nyumbani na punda mgonjwa, na yule punda, jamani, akaishi naye miaka na miaka mpaka akafa kwa uzee. Mungu alimlipa kwa ukweli wake."

Chini ya turubai watu waliguna kwa heshima. Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, blanketi magotini. Siku zote tatu za msiba alikuwa hajafungua mdomo. Nilihisi mkono wake unautafuta wangu, ukaupata, ukaubana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kweli kabisa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo unamcheza, anajizuia kucheka. Nikainamisha kichwa haraka na mimi, kabla sijamwaga kicheko.

"Amina," watu wakaitikia.

"Amina," nikasema.